Tulivyompeleka Baba Shiru Kimana Bila Kulewa

Nimeulizwa na kila mmoja wenu kwa wakati wake, sokoni, kanisani, hata mbele ya cherehani yangu nikiwa na pini mdomoni, na kila mara nimeanzia katikati nikaishia kupandisha sauti. Sasa naandika mara moja. Someni wote, kisha mniache nishone. Na wale mliosikia kwamba tulifika Kimana tukinuka pombe, mmesikia kweli. Tulinuka. Ngojeni niwaeleze.

Kwa wageni wa kikundi: sisi hukutana kila Alhamisi jioni katika chumba kilicho nyuma ya kanisa hapa Kitengela, watu walioacha pombe na wanaosaidiana isiwarudie. Hatuna sheria nyingi. Mbili ndizo zinazohusika hapa. Ya kwanza, hakuna anayekwenda kwenye sherehe peke yake, wawili humsindikiza. Ya pili, mkiwa safarini au kwenye sherehe, kinywaji chako kinanuswa na mwenzako kabla hujakigusa, tangu siku ile watani walipommiminia mmoja wetu kitu ndani ya soda kwenye harusi. Ni sheria nzuri zote mbili, na zote mbili zilitusumbua kuliko barabara.

Aliyekuwa na sherehe ni Mwangi, ambaye wote tunamwita Baba Shiru. Shiru ni binti yake wa pekee. Ndiye aliyekuwa akimtafuta mitaroni, akimvua viatu, akiwaambia majirani kwamba baba ana malaria. Sasa Shiru alikuwa anaolewa, na mahari ingepokelewa Kimana, nyumbani kwa Karanja, kaka mkubwa wa Baba Shiru, anayelima vitunguu huko. Siku hizi familia nyingi za Wakikuyu hupitisha soda au uji siku kama hiyo. Wazee wa upande wa Karanja hawataki kusikia hayo. Kwao, binti anaitwa mbele ya watu, anamiminiwa muratina, ile pombe ya asali, kwenye pembe ya ng'ombe, anaonja, anampa baba yake. Baba akinywa, mahari imekubaliwa. Asipokunywa, amekataa.

Naye Shiru alikuwa amempigia baba yake simu wiki ile, mimi nikiwa nimeketi pembeni.

"Baba, ukikunywa siku hiyo, hata tone moja, nitatoka hapo mbele ya watu wote na sitarudi. Mwenye anataka kunioa atanifuata barabarani."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Baba Shiru.

Basi akaelewana na Karanja kwa siri. Tungeleta asali iliyochanganywa na maji, rangi ile ile, haina madhara, iwekwe kwenye pembe ya baba peke yake. Wazee wangeona baba amekunywa, na Shiru tungemweleza ukweli tukifika. Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba uliachiwa sisi.

Kitengela hadi Kajiado

Wasindikizaji tulikuwa mimi na Otieno, yule mchoraji wa mabango ya maduka, ambaye ana gari kuukuu na imani kubwa nalo. Tulikubaliana kuondoka alfajiri, siku moja kabla ya sherehe, ili tufike mchana, tulale, tuamke tukiwa watu. Otieno alifika jua limeshapanda kwa sababu alikuwa akiliosha gari. Nilimuuliza ni nani huosha gari kabla ya kulipeleka kwenye vumbi. Akasema, "Mama Fundi, gari ikifika chafu inaonyesha mmetoka mbali." Sikuelewa wakati ule, na sielewi hadi leo.

Mtu mwenye akili akitaka kwenda Kimana kutoka Kitengela hupitia Athi River, akashika barabara ya Mombasa hadi Emali, lami mpaka mwisho. Sisi tulielekea upande wa pili, Kajiado, kwa sababu Baba Shiru haamini asali ya Kitengela. Anasema ni sukari iliyoungua. Alikuwa na mama wake mmoja wa asali mjini Kajiado, na hakutaka mwingine.

Pale Isinya Otieno alisimama kuangalia bango alilochora kitambo, la mwenye duka la dawa za mifugo. Ng'ombe aliyemchora alikuwa amepauka. Akashuka kumlaumu mwenye duka kwa kumweka ng'ombe juani, wakaelewana, wakaletewa viti. Mimi na Baba Shiru tulikaa ndani ya gari tukitazamana.

Kajiado, huyo mama wa asali, Mama Naserian, hakuwepo. Kibanda chake kilikuwa kimefungwa kwa waya. Jirani yake anayeuza shanga alisema ameenda mnadani kuulizia mbuzi, atarudi sasa hivi. Sasa hivi ya Kajiado ni ndefu. Tukaingia hotelini kunywa chai.

Otieno akachukua kikombe cha Baba Shiru, akakiinua hadi puani, akafumba macho, akavuta hewa. Baba Shiru akanusa cha Otieno. Mimi nikanusa cha Baba Shiru mara ya pili, kwa sababu Otieno ana mafua ya kudumu na pua yake siiamini. Mhudumu alisimama akitutazama.

"Chai iko na shida gani?"

"Haina shida," nikasema.

"Sasa mbona mnainusa kama nyama ya juzi?"

Akaenda kumwita mwenye hoteli. Mwenye hoteli akaja, akanusa vikombe vyote vitatu yeye mwenyewe, akatuapia kwamba maziwa ni ya asubuhi hiyo. Tulikunywa chai yetu tukitazamwa na jikoni nzima, na chapati hazikushuka vizuri.

Mama Naserian alirudi mchana, ametulia, hana haraka na mtu. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikajibu, na hapo Kimaasai changu kikaisha. Akauliza asali ni ya nini.

"Ni ya mahari, mama," Baba Shiru akasema. "Ya binti yangu."

"Ashe Ngai, asante Mungu. Hiyo ni asali ya baraka."

Tulikuwa na mtungi wa plastiki wenye mfuniko wa kukaza. Akapima asali, akachanganya na maji, akakoroga bila kumwaga tone. Baba Shiru akainama kuangalia rangi, kisha akasema maneno ambayo nitayakumbuka hadi kaburini.

"Mama, nataka ikae kama muratina kabisa. Wazee wakiangalia wasijue tofauti."

"Aa, hiyo hawatajua tofauti," Mama Naserian akasema. Akanyoosha mkono juu ya rafu, akachukua kipande cha tunda kavu, lina nyuzinyuzi kama sponji ya kuogea, akakitumbukiza ndani ya mtungi, akakaza mfuniko. "Weka mahali iko na joto."

"Kwa buti ya gari kuko na joto sana," Otieno akasema kwa furaha.

Tukamshukuru. Tulimshukuru sana. Hapa ndipo mnapocheka, najua, hasa nyinyi mnaotoka Murang'a. Lakini hebu nielezeni. Sisi watatu tumekunywa muratina ya kutosha kumwagilia shamba lote la Karanja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitengeneza. Tulikuwa tunafika ikiwa tayari. Tuliona kipande cha tunda, tukadhani ni pambo. Siku nzima tulinusa chai za watu, na chachu yenyewe tukaifungia ndani ya gari kwa mikono yetu.

Kajiado hadi Mashuuru

Hata hivyo tungefika. Asali ile ingefika Kimana jioni ikiwa tamu na ya maji, tungeihifadhi kwenye ubaridi wa nyumba ya Karanja, na pengine ningekuwa naandika habari nyingine. Lakini Otieno alisema kurudi Kitengela ili kushika barabara ya Mombasa ni ujinga, kuna njia inakatia Mashuuru na kutokea huko mbele. Njia ipo kweli. Kilichokosekana ni gari.

Lilichemka tukiwa tumeiacha Kajiado mbali na Mashuuru bado haijaonekana. Moshi ulipanda mbele, Otieno akatoka nje, akafungua, akafunga, akasema tuliache lipumzike. Gari likapumzika. Sisi tukakaa kwenye mawe juani, huku mbuzi wa watu wakipita na kutukagua.

Ni hapo Baba Shiru alipoanza kuongea. Kikundini haongei, mnamjua. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Shiru akiwa nasari, mimi ndiye nilikuwa nampeleka shule," akasema. "Asubuhi anatoka nje na kiatu haijafungwa. Ananyoosha mguu hivi, ananingoja. Nikifunga vizuri, tunaenda. Nikishindwa na hiyo kamba, anavuta mguu polepole, anaenda kugongea jirani. Hakuna siku aliniambia kitu."

"Na ulikuwa unashindwa mara mingi?" akauliza Otieno, ambaye Mungu hakumpa kipimo cha maswali.

Baba Shiru alipangusa vumbi kwenye kiatu kimoja. "Alijua kufunga mwenyewe mapema sana," akasema.

Nilimkasirikia Otieno, nikamhurumia Baba Shiru, na jua likaniumiza kichwa, yote kwa pamoja.

Kijana mmoja mwenye shuka na pikipiki alisimama, jina lake Saitoti. Alitusikiliza, akaenda, akarudi na fundi wa magari amempakia nyuma. Fundi aliangalia mara moja tu, akasema mpira wa maji umepasuka, mwingine uko Kajiado, na utakuja kesho. Gari likavutwa kwa kamba hadi Mashuuru. Nyumba ya wageni waliyotuonyesha ilikuwa juu ya baa. Otieno alitazama ngazi, akatazama mlango wa baa ulio chini ya ngazi, akasema yeye atalala ndani ya gari. Saitoti akatuonea huruma, akatupeleka kwa mama yake.

Sasa sikilizeni aibu. Mama Saitoti alitupokea wageni watatu asiowajua, akatupikia, akatuletea maziwa kwenye kibuyu, yale ya kugandishwa yenye harufu ya moshi. Otieno akapokea kikombe cha Baba Shiru, akakipeleka puani, mbele ya mwenye nyumba. Akakunja uso.

"Hii imechacha," akasema.

"Ni maziwa, Otieno. Maziwa ya mala huchacha."

"Mama Fundi, kuchacha ni kuchacha. Tuliapa."

Mnajua tulibishana juu ya maziwa? Watu wazima, ndani ya nyumba ya mtu, tunabishana kama maziwa ya mgando ni pombe. Mama Saitoti aliweka kibuyu chini polepole. Hakuelewa Kiswahili chetu chote, lakini mgeni anayenusa maziwa yako na kukunja uso anaeleweka kwa lugha yoyote. Akamuuliza mwanawe jambo kwa Kimaasai. Saitoti akatugeukia.

"Mama anauliza kama kibuyu yake ni chafu."

Nilitamani ardhi inimeze. Ni Baba Shiru aliyetuokoa. Aliinuka, akachukua kikombe kwa mikono miwili, akamwambia Saitoti, "Mwambie mama, sisi ni watu tuliharibiwa na pombe. Sasa tunaogopa hata vitu nzuri. Si makosa ya maziwa yake." Akanywa yote. Saitoti akatafsiri. Mama alitutazama sana, mmoja mmoja, kisha akamwongezea kikombe cha pili, na Otieno naye akanywa chake bila neno.

Mashuuru hadi Emali

Asubuhi ya sherehe. Mpira wa maji ulikuja umechelewa. Fundi akaufunga, Karanja akipiga simu, fundi akaufungua tena, Karanja akipiga simu. Kwa kuwa muda wa kubadilisha nguo tukifika haungekuwepo, Baba Shiru alivaa suti yake pale pale, suti ya kijivu niliyomshonea mwenyewe, na nawaambieni ilimkaa.

Mama Saitoti alikuja kutuaga na kondoo. Ni wa bi harusi, Saitoti akasema, na kondoo wa baraka hakataliwi. Kondoo akaingia kwenye buti. Ili apate nafasi, mtungi wa asali ukatolewa, na Baba Shiru akakaa nao mbele, mapajani.

"Huu mtungi umevimba," akasema.

"Plastiki ikikaa kwa joto huvimba," Otieno akajibu.

Nami nilikuwa nyuma, nimeshikilia begi, nimechoka, na nikakubali. Ndiyo, Alhamisi iliyopita mliniuliza na mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa hapo.

Emali hadi Kimana

Tulipoiacha Emali barabara ilinyooka na gari likaenda vizuri, hata nikaanza kumsamehe Otieno. Mtungi ukawa unatoa sauti, kitu kama mtu anayenong'ona. Baba Shiru akasema ngoja apunguze hewa kidogo. Akalegeza mfuniko.

Mfuniko uligonga paa. Povu liliruka likamwagika kwenye suti, kwenye shati, kwenye tai, kwenye sikio la Otieno, na mimi likanijaa usoni. Otieno alikanyaga breki. Kondoo akalia. Kisha harufu ikajaa gari, na hakuna aliyehitaji kunusa kwa niaba ya mwenzake.

Tulitoka nje sote. Baba Shiru aliuweka mtungi kando ya barabara, akarudi nyuma. Ulikuwa bado umebaki zaidi ya nusu. Tulisimama mbali nao, kila mtu upande wake, na magari yakitupita. Nitasema ukweli kwa sababu kikundini tunasema ukweli: mate yalinijaa mdomoni. Nilikuwa na kiu, nilikuwa na hasira, na pale chini palikuwa na kitu ambacho mwili wangu ulikikumbuka kuliko ninavyolikumbuka jina la mama yangu. Niliwatazama wenzangu nikaona hawana nafuu kunishinda. Baba Shiru mkono wake ulikuwa unadondoka asali, na alikuwa ameunyoosha mbali na mwili kama si wake.

"Mtu amwage," Otieno akasema.

Hakuna aliyesogea. Kuimwaga lazima uiinamie.

"Mwaga wewe," nikamwambia.

"Mimi siendi hapo peke yangu."

Basi tukaenda wote watatu. Mnaweza kucheka, nimewapa ruhusa. Watu watatu wazima tulishika mtungi mmoja mdogo, mikono sita, tumegeuza nyuso pembeni, tukaumwaga kwenye mchanga hadi kipande kile cha tunda kikatoka na kuanguka. Baba Shiru akakipiga teke. Halafu nikaona analia, nami nikafungua kitambaa changu cha kichwa nikampangusa uso, na suti, na shati. Tukamalizia maji yote ya kunywa kumwosha. Ilikuwa kazi bure. Kadiri tulivyomlowesha ndivyo alivyozidi kunuka.

"Sasa nimekuwa kavu miaka hii yote," akasema, "nifike kwa mtoto wangu hivi?"

Otieno alitaka kujibu. Nilimtazama, akanyamaza.

Kimana

Tulikuta hema limejaa, upande wa bwana harusi umeshaketi, wazee wamekunja nyuso. Shiru alikuja mbio kutoka jikoni, amependeza, na viatu vya wazi vya shanga. Alimkumbatia baba yake. Kumbatio lile nalijua. Ni la mtu anayepitisha pua shingoni mwako akijifanya anakupenda tu. Nilimwona alivyokakamaa mgongo.

"Shiru, si vile unafikiria," nikaanza. "Ni mtungi ulilipuka. Mama wa Kajiado aliweka tunda, na kondoo akachukua nafasi kwa buti, kwa hivyo mtungi…"

Nikajisikia. Nilikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi, nywele wazi, kitambaa kinachonuka mkononi, naongea habari za kondoo. Otieno akaingilia kunisaidia, akaanza na maziwa ya Mashuuru. Shiru alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nimewahi kutazamwa hivyo, na nilistahili. Siku hiyo sikustahili, na hakukuwa na namna ya kuthibitisha, na hasira niliyokuwa nayo sikujua nimpe nani.

Baba Shiru hakujitetea. Zamani, Shiru aliniambia baadaye, alikuwa akiapa kwa kila kilichoko mbinguni. Sasa alisema, "Ninanuka. Najua. Sijakunywa. Fanya vile unaona."

Karanja alitujia, akavuta hewa, akanong'ona kwa hasira, "Na ile asali iko wapi?" Nikamwambia iko kwenye mchanga. Akashika kichwa. Wazee walikuwa wameshaita.

Shiru akasimama katikati ya hema. Mzee wa upande wa Karanja akampa pembe, akamimina muratina yenyewe, akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Msichana, hii pombe tukunywe ama tusikunywe?"

Hapo angesema ndiyo, angeonja, angempelekea baba. Alisimama na pembe mkononi. Bwana harusi alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti chake, maskini, hajui kama atakaa au atakimbia. Kisha Shiru akamwachia shangazi yake pembe, akaanza kutembea kuelekea njia ya kutokea, na mimi nikafumba macho.

Nilipofumbua alikuwa amesimama mbele ya baba yake. Akainama, akafungua mkanda wa kiatu chake cha kulia yeye mwenyewe. Akanyoosha mguu, akangoja.

Watu wakaanza kunong'onezana. Baba wa bi harusi hupigiwa magoti siku ile, hapigi yeye. Baba Shiru aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye nyasi na suti yake iliyolowa. Ncha ya mkanda ilikosa tundu. Mtu mmoja nyuma yangu akacheka, akasema huyo ameshalewa, inanuka mpaka huku. Mguu wa Shiru haukusogea. Baba Shiru akaushika mkanda tena, akapumua, ukaingia. Akaupitisha kwenye bizimu ndogo ya chuma, akaukaza, akaufunga, akaurekebisha usimbane.

Shiru aliutazama mguu wake. Kisha akaenda kuichukua pembe, akasema, "Tukunywe." Akaonja, akampelekea Karanja.

"Ya kwanza ni ya baba," mzee akakemea.

"Baba yake alimaliza kitambo," Shiru akasema. "Alimaliza yake, akamaliza ya harusi yangu, akamaliza na ya wajukuu. Muulizeni tu kama amekubali."

"Nimekubali," Baba Shiru akasema, akiwa bado magotini.

Karanja akaigugumia pembe yote kabla mzee mwingine hajapata neno. Upande wa bwana harusi ukapiga vigelegele kwa nguvu ya watu waliokuwa wameogopa. Mimi nilikaa chini palipokuwa karibu. Nikaletewa soda. Otieno akainusa.

Kimana hadi Kitengela

Tulirudi kesho yake kwa njia ya Emali na barabara ya Mombasa. Hakuna kilichoharibika. Hakuna kilichochemka. Tulifika Kitengela mchana kweupe, na hilo liliniudhi kuliko mambo yote, kwa sababu njia hiyo ilikuwepo tangu mwanzo na nilikuwa nimeitaja. Baba Shiru alilala njia nzima, mdomo wazi. Otieno alinishusha langoni akaniambia safari ilikuwa nzuri.

Mume wangu Simiyu alifungua mlango, akapokea begi langu. Aliinama karibu na kichwa changu kuliko begi lilivyohitaji. Kitambaa nilikuwa nimekifua Kimana kwa sabuni, lakini kilikuwa kichwani, na harufu ile haina adabu.

"Nitakueleza," nikasema.

"Pumzika kwanza."

Akaingia chumbani, akatoka na shati lake jeupe la kazini, akaliweka mezani mbele yangu pamoja na kisanduku changu cha nyuzi. Alisema kifungo kimetoka na analihitaji. Nikalichukua. Mimi ni fundi, jamani. Kifungo kikichomoka huacha nyuzi zilizochanika. Hizi zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, safi, na kifungo chenyewe kilikuwa mfukoni mwake.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimebakiza hasira ya kutosha. Nikamtazama, amesimama pale akijifanya anatafuta kitu kwenye rafu, nikachagua uzi mweupe, nikalamba ncha, nikainua sindano kwenye mwanga wa dirisha ili aone vizuri. Uzi uliingia mara ya kwanza. Akapita nyuma yangu, akaenda kuweka chai.